Filamu ya Havana, jina la Ayalandi: Mark O'Halloran na swali la filamu ni ya nani

Desemba 2015, akademia ya filamu ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, ilitangaza filamu tisa zilizobaki kuwania tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Nchi zipatazo 80 zilikuwa zimepeleka filamu zao. Mojawapo ya zile tisa ilikuwa ya Ayalandi, na jina lake Viva. Ukiiweka uitazame, husikii Kiingereza cha Dublin wala Kiayalandi cha vijiji vya magharibi. Unasikia Kihispania cha Kuba tangu mwanzo hadi mwisho. Unaona Havana: kuta zilizobabuka rangi, ngazi za nyumba kuukuu, jua kali, watu wakiitana kutoka roshani moja hadi nyingine. Wahusika wakuu ni Wakuba watupu.

Aliyeiandika ni Mark O'Halloran, mwigizaji na mwandishi wa skripti mzaliwa wa Ennis, mji wa kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi.

Kwa mtu anayefuatilia habari za waigizaji, hii ilikuwa habari njema ya kawaida: mwenzetu kafika mbali. Lakini ukiigeuza kidogo inakuwa fumbo. Imekuwaje hadithi ya Wakuba, iliyopigwa picha Kuba, kwa lugha ya Kuba, ikabeba bendera ya Ayalandi? Na mbona filamu ambazo O'Halloran aliziandika kuhusu mitaa na vijiji vya kwao hazikuwahi kubeba bendera hiyo kwenye tuzo ile ile? Nimelifikiria swali hili kwa muda, kwa sababu wanaotengeneza filamu Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam wamekumbana na sheria zile zile, na mara nyingi habari huandikwa bila kueleza sheria zenyewe zinasemaje.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana bila kumjua huwezi kuielewa Viva.

O'Halloran aliingia kwenye sinema mwaka 2004 na Adam & Paul. Aliiandika yeye, akaigiza mwenyewe kama Adam, na Paul akachezwa na Tom Murphy, mwigizaji hodari aliyefariki mwaka 2007. Mwongozaji alikuwa Lenny Abrahamson, na ndiyo iliyokuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Hadithi ni ya siku moja tu. Marafiki wawili waliozama kwenye heroini wanazunguka Dublin wakitafuta fedha ya kununulia dawa hiyo. Wanaomba, wanajaribu kuiba na kushindwa, wanafukuzwa. Wanakaa kwenye benchi na mgeni, wanamdhania Mromania, naye anakasirika: yeye ni Mbulgaria. Tukio hilo dogo linachekesha, kisha linauma, maana hao watatu kwenye benchi hakuna mji unaowataka.

Miaka mitatu baadaye O'Halloran na Abrahamson walitoa Garage. Josie ni mtu mzima mwenye akili taratibu, anayefanya kazi kwenye kituo cha mafuta nje ya kijiji. Amechezwa na Pat Shortt, ambaye Waayalandi walimzoea kama mchekeshaji. Watu wa kijijini wanamtania, wanamzoea, hawamwoni. Filamu hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2007, katika programu ya Wiki Mbili za Waongozaji, ikapata tuzo ya CICAE, shirikisho la majumba ya sinema za sanaa. Mwaka huo huo O'Halloran na Abrahamson walitengeneza Prosperity kwa ajili ya RTÉ, televisheni ya taifa: sehemu nne, kila moja ikimfuata mtu mmoja kwa siku moja.

Hapo unaona mkono wake. O'Halloran humchukua mtu ambaye wengine humpita njiani bila kumtupia jicho, akakaa naye muda mfupi, bila kumhukumu na bila kumpamba. Maneno ni machache. Watu wake hawahutubii maisha yao. Wanaulizana sigara, wanazungumzia hali ya hewa, na katikati ya hayo maisha yao yanabomoka.

Sasa twende Havana. Mwongozaji wa Viva ni Paddy Breathnach, naye Mwayalandi. Kijana anayeitwa Jesús, aliyechezwa na Héctor Medina, anatengeneza nywele na mawigi ya wanaume wanaopanda jukwaani wakiwa wamevaa mavazi ya kike, wakifuatisha kwa midomo nyimbo za mapenzi za zamani. Mwenye jukwaa anaitwa Mama. Jesús naye anataka kupanda, na jina analojichagulia ni Viva. Usiku anapopata nafasi, mtu mmoja aliyekaa baa anamchapa ngumi mbele ya watu. Mtu huyo ni baba yake Jesús, jina lake Ángel, bondia wa zamani ambaye kijana hakumwona tangu utotoni. Baba anahamia kwenye chumba cha mwanawe, anamkataza jukwaa, na kijana anabaki na mzee mkali, mgonjwa, na njaa ndani ya nyumba. Ángel amechezwa na Jorge Perugorría, nyota wa Fresa y chocolate ya mwaka 1993, filamu pekee ya Kuba iliyowahi kuteuliwa kwenye kipengele hicho cha Oscar.

O'Halloran aliandika skripti hiyo kwa Kiingereza, ndipo mazungumzo yakageuzwa kuwa Kihispania cha Havana. Kwa mwandishi wa aina yake hilo si jambo dogo. Nguvu ya Adam & Paul ilikuwa kwenye sikio lake: jinsi watu wa Dublin wanavyorudia neno, wanavyokatiza sentensi, wanavyotukanana kwa upendo. Viva ilimnyang'anya sikio hilo. Alibakiwa na mpangilio wa matukio, ukimya, na macho yake kwa watu. Ninapoitazama, namwona Josie wa kituo cha mafuta akipita ndani ya Jesús: mtu anayehudumia wengine, anayechekwa, anayetaka kitu kimoja tu maishani. Ndiyo maana naona ni filamu ya Kiayalandi hata bila kusoma sheria ya Oscar.

Sheria yenyewe, hata hivyo, haiangalii hayo.

Hadi mwaka 2005, filamu iliyopelekwa na nchi fulani ilipaswa kuwa katika lugha ya nchi hiyo. Mwaka huo Italia ilipeleka Private, inayosimulia familia ya Kipalestina, ikakataliwa kwa kuwa haikuwa ya Kiitaliano. Austria ilipeleka Caché, ikakataliwa kwa kuwa ni ya Kifaransa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata sharti hilo likaondolewa. Matokeo yakaonekana papo hapo: Kanada iliteuliwa kwa Water, filamu ya Kihindi. Viva isingeweza kupita kabla ya mabadiliko hayo. Na haikuwa filamu ya kwanza ya aina hiyo kutoka Dublin. As If I Am Not There, iliyohusu vita vya Bosnia na kuzungumzwa kwa lugha ya huko, ilikuwa tayari imepelekwa kwa jina la Ayalandi mwaka 2011. Msimu ule ule wa Viva, Ufaransa nayo ilipeleka Mustang, filamu iliyopigwa picha Uturuki kwa Kituruki, na ikaingia kwenye tano za mwisho. Viva haikufika hapo. Ilisimama kwenye tisa. Tuzo ilikwenda kwa Son of Saul ya Hungaria.

Yaliyobaki kwenye sheria ni mambo machache, lakini kila moja lina meno. Zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe ya lugha isiyo Kiingereza. Filamu iwe imeonyeshwa kibiashara kwenye jumba la sinema kwa siku saba mfululizo. Kwa miaka mingi sharti lilitaka siku hizo ziwe ndani ya nchi inayoipeleka. Ichaguliwe na kamati ya nchi husika, ambayo kwa Ayalandi ni ya akademia ya filamu na televisheni, IFTA. Na raia au wakazi wa nchi hiyo wawe ndio walioshika usukani wa ubunifu. Kwa Viva jibu lilikuwa rahisi: mwongozaji Mwayalandi, mwandishi Mwayalandi, na kampuni ya utayarishaji, Treasure, ni ya Dublin.

Watu wengi huamini fedha ndiyo inayoamua uraia wa filamu. Fedha ina nguvu, lakini kwa njia nyingine. Ayalandi ina bodi ya filamu inayofadhili uandishi na utengenezaji. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikafungwa mwaka 1987, ikafufuliwa mwaka 1993 na Michael D. Higgins, aliyekuwa waziri wa utamaduni na baadaye rais wa nchi. Tangu 2018 inaitwa Screen Ireland, au Fís Éireann kwa Kiayalandi. Pamoja nayo kuna kifungu cha sheria ya kodi, namba 481, kinachomrudishia mtayarishaji sehemu ya gharama zinazostahili, zile zinazotumika ndani ya Ayalandi. Kifungu hicho huvuta studio kubwa za kigeni zije kupiga picha huko, na filamu hizo hazigeuki kuwa za Kiayalandi kwa sababu hiyo. Bodi ndiyo iliyo muhimu zaidi kwa mtu kama O'Halloran. Nchi ina watu kama milioni tano tu. Bila mfuko wa umma, hakuna mfanyabiashara angeweka fedha kwenye hadithi ya waraibu wawili, au ya mhudumu wa kituo cha mafuta, au ya kijana wa Havana anayesuka mawigi.

Kwetu mfano huo uko kinyumenyume, na unasaidia kuona jambo lenyewe. Nairobi Half Life, filamu ya kwanza kupelekwa Oscar na Kenya, mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ushirikiano na One Fine Day Films, ambayo mizizi yake ni Ujerumani. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyopelekwa mwaka 2018, nayo ilipitia mikono hiyo hiyo. Fedha na mafunzo vilitoka nje, usukani ulikuwa wa Wakenya, na hakuna aliyeshangaa kuziita za Kenya. Kwa Viva watu walishangaa, kwa sababu safari hii kilichotoka nje ni mahali na sauti. Kisheria ni jambo lile lile.

Mwaka huo wa 2018 ndio uliotufundisha uzito wa zile siku saba. Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Kenya mwezi Aprili, kisha ikaonyeshwa Cannes mwezi Mei. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ya Nairobi iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, watu wazima waitazame, ili iweze kuomba nafasi ya Oscar. Majumba yalijaa. Kamati ya Kenya ikaichagua Supa Modo. Waliosoma habari ile nje ya Kenya wakidhani mahakama imehalalisha filamu, hawakuelewa kilichotokea: mahakama ilifungua mlango kwa muda unaodaiwa na sheria ya Oscar, na baada ya siku ya saba mlango ukafungwa. Tanzania nayo ilikaa zaidi ya miaka 20 baada ya Maangamizi ya mwaka 2001 kabla ya kupeleka filamu nyingine, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022, yenye Kiswahili cha Zanzibar ninachoweza kukisikiliza siku nzima.

Narudi kwenye sharti la Kiingereza, maana hapo ndipo pananiuma.

Mwaka 2019 kipengele kilibadilishwa jina. Kiliacha kuitwa cha lugha ya kigeni, kikaitwa cha filamu ya kimataifa. Wengi walidhani mambo yamelegezwa. Miezi michache baadaye Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza Nijeria kuwahi kupeleka, iliondolewa kwa sababu sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Kiigbo kilichomo ni cha dakika kama 11. Jina lilikuwa limebadilika, sharti halikuguswa. Kiingereza ni lugha rasmi ya Nijeria na ndicho kinachowaunganisha watu wenye mamia ya lugha. Kuwaambia filamu yao si ya kimataifa ya kutosha kwa sababu mkoloni aliwaachia lugha yake, naona ni kosa, na sijasoma hoja iliyonishawishi vinginevyo.

Ayalandi inasimama kwenye kosa hilo hilo. Kiayalandi ni lugha ya kwanza kikatiba, lakini karne za utawala wa Uingereza zilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya nyumbani ya walio wengi. Kwa hiyo Adam & Paul, yenye Kiingereza cha Dublin ambacho hata mzungumzaji wa London hukitegea sikio, haikuweza kupelekwa. Garage haikuweza. Zilikuwa huru kuingia kwenye vipengele vya jumla, zikashindane na filamu za Hollywood zenye bajeti za matangazo zinazozidi gharama ya kuzitengeneza zenyewe. Mwandishi yule yule, kazi zenye damu ya nchi yake zikakosa mlango, na ile iliyosafiri hadi Karibi ikaupata. Hilo halimpunguzii O'Halloran chochote, na Viva ilistahili. Linaonyesha tu sheria inapima nini: inapima asilimia ya maneno.

Ilitokea pia kwamba Abrahamson, mwenzake wa siku za mwanzo, alikuwa kwenye tuzo zile zile za msimu ule. Room yake, ushirikiano wa Ayalandi na Kanada, ilikuwa ya Kiingereza, hivyo ikaenda njia ya vipengele vya jumla. Iliteuliwa kuwania filamu bora, Abrahamson akateuliwa kuwania mwongozaji bora, na Brie Larson akashinda kama mwigizaji bora wa kike. Watu wawili waliotoka na filamu moja ya bajeti ndogo, mmoja kafika kwa mlango wa Kiingereza, mwingine kwa mlango wa Kihispania.

Upande wa Kiayalandi nao umeamka. Filamu ya kwanza kabisa ambayo Ayalandi iliipeleka kwenye kipengele cha lugha ya kigeni ilikuwa Kings ya mwaka 2007, yenye Kiayalandi na Kiingereza. Miaka kumi baadaye, televisheni ya Kiayalandi TG4 na bodi ya filamu zilianza mpango uitwao Cine4 wa kufadhili filamu ndefu za lugha hiyo. Humo ndimo ilimotoka An Cailín Ciúin ya Colm Bairéad, kuhusu mtoto wa kike mkimya anayepelekwa kulelewa na ndugu kwa msimu mmoja wa kiangazi. Mwaka 2024 Kneecap, ya vijana wanaochana mashairi ya rap kwa Kiayalandi huko Belfast, nayo ilifika kwenye orodha fupi, ambayo siku hizi ina filamu 15.

O'Halloran mwenyewe hakukimbilia huko wala hakuhamia Hollywood. Ameendelea kuigiza: alikuwa kwenye History's Future ya Fiona Tan mwaka 2016, na kwenye The Virtues ya Shane Meadows mwaka 2019. Ameendelea pia kuandika, na hapa habari za kazi yake huwachanganya wasomaji, kwa sababu hadithi moja huonekana mara tatu kwa sura tatu.

Mwaka 2011 aliandika mchezo wa jukwaani uitwao Trade. Ulionyeshwa kwenye tamasha la maigizo la Dublin, ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, watazamaji wakiwa wamekaa karibu kabisa na waigizaji. Mwanamume wa makamo, mwenye mke na watoto, amekutana na kijana anayeuza mwili, na mzee ndiye anayelipa. Wahusika hawana majina: ni mzee na kijana tu. Mwaka 2019 mchezo huo ukawa filamu, Rialto, ikiongozwa na Peter Mackie Burns na kuzinduliwa kwenye tamasha la filamu la Venice. Sasa mzee ana jina, Colm, anafanya kazi bandarini Dublin, babake amefariki na ajira inamponyoka. Kijana anaitwa Jay. Kilichokuwa mazungumzo ya chumba kimoja kimekuwa nyumba, ofisi, gati na familia. Waliosoma kwamba Rialto ni kazi mpya na waliosoma kwamba ni ya zamani wote walikuwa sahihi kwa sehemu, maana kuhamisha mchezo kwenda kwenye filamu ni kuandika upya: jukwaani mtu husema alichopoteza, kwenye filamu lazima umwonyeshe akikipoteza.

Kisha hadithi ikarudi chumbani. Emma O'Halloran, mtunzi wa muziki na mtoto wa ndugu yake, aliigeuza Trade kuwa opera, maneno yakiwa ya Mark. Ilionyeshwa New York Januari 2023, kwenye tamasha la Prototype, wahusika wakiwa tena hawana majina. Mwezi huo huo, tarehe 24, majina ya wateule wa Oscar yalisomwa, na An Cailín Ciúin ikawa filamu ya kwanza ya Ayalandi kuingia kwenye tano za mwisho za filamu ya kimataifa.